Kitufe cha Msaada

Damu ilimchemka Aila. Programu ya simu ya madereva kuombea msaada wakikwama kwenye theluji ilikuwa itoke leo, na bosi alikuwa anamcheka.

"Majaribio mia nne yamepita yote! Unatafuta nini tena, dada?"

"Tusichokijua. Yote tuliyafanyia humu ndani, kwenye joto."

"Acha uchuro wako."

Aila akamvuta hadi nje, theluji ikianguka. Akabonyeza kitufe cha msaada kwenye simu akiwa amevaa glavu. Simu haikuitika. Akavua glavu, akabonyeza tena; ombi likatumwa. Chembe ya theluji ikayeyuka kwenye skrini, tone likateleza hadi kitufe cha kughairi, na maandishi yakatokea: *Ombi limefutwa.*

"Bahati mbaya tu hiyo," alisema bosi, akitetemeka ndani ya shati.

Aila akamwachia simu, akaingia, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Haya," akapaza sauti dirishani, "omba msaada."