Utumbo Uliofika Jikoni

Mwalimu Sikudhani aliosha utumbo wa mbuzi kwa mikono yake, akawapa wanafunzi waliojipanga mstari waushike, kila mmoja sehemu yake. Ukatoka darasani, ukavuka uwanja.

"Msiuvute sana! Chakula hupita humu polepole, mwili ukinyonya kilicho chema."

"Na kisipopita kitu, Mwalimu?" akauliza Rukonge.

"Mtu husinzia, kisha huitwa mvivu."

Mkuu wa shule akatoka ofisini. "Nilikwambia ufundishe kwa picha!"

"Picha haioni njaa, Mkuu."

Sikudhani hakusahau. Uji wa watoto ulikatwa tangu shule ifunguliwe, na unga upo, umefungiwa jikoni ukingoja siku ya wageni wenye kamera. Aliyewaita watoto wavivu ni Mkuu huyu huyu, mbele ya gwaride.

Mtoto aliyetangulia alikuwa amefika jikoni. Akaiweka ncha ya utumbo juu ya kufuli.

"Mwalimu, chakula kinaingilia huku?"

"Huko huko. Shikeni vizuri, somo halijaisha."

Hakuna aliyeachia. Uwanja mzima ukamgeukia Mkuu. Mkono wake ulikuwa mfukoni, na funguo zilisikika zikigongana.