Pingili Mbili

Ndani ya chumba cha mwali, Jokha alikuwa akiwapanga mbawakawa wakavu juu ya mkeka. Hakufuata rangi. Alihesabu pingili za miguu yao, na waliolingana akawaweka pamoja, kwani kwake hao walikuwa wajukuu wa babu mmoja.

“Mke mwenzangu, unachambua wadudu kama mchele!” bibi yake alimtania. “Leo unaolewa, ati.”

Barazani baba yake na wageni walizungumza habari za Seyyid, sultani wao, na wazungu wa Kidachi, wakimngoja kadhi. Jokha hakutulia. Alijifunga kisutu, nguo yake ya harusi, akakifungua, akakifunga tena.

Mkono ukapenya pembeni mwa pazia, umeshika kikopo cha udi. “Mpe mwali wangu, bibi,” alinong'ona bwana harusi, kijana wa Mbegani. Bibi akacheka.

Jokha hakuutazama udi. Kidole cha mwisho cha mkono ule kilikuwa kifupi, chenye pingili mbili tu. Cha baba yake kilikuwa hivyo. Chake mwenyewe pia.

“Bibi,” alisema, “zamani baba alikuwa akienda Mbegani kwa nani?”

Bibi akaacha kucheka.

Nje kadhi alitoa salamu. Jokha akavuta pazia, akatoka kichwa wazi mbele ya wanaume kumzuia kadhi.