Chaki Vidoleni

Kila asubuhi binti alimpelekea mama yake, fundi cherehani, chai mezani pa kazi. Siku hiyo kikombe kilikosa pa kukaa. Meza ilijaa vitambaa vilivyochorwa maua kwa chaki, na vidole vya mama vilikuwa vyeupe hadi kwenye kucha.

"Mama, na ile programu yako ya nakshi?"

"Haifunguki kwenye kompyuta mpya. Sikutaka kukusumbua, mwanangu. Mkono huu hauombi nywila."

Kompyuta hiyo binti aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, akaiwekea mfumo wa Linux badala ya Windows aliyoizoea mama. Ilipowaka, mama alimpigia vigelegele.

Binti aliushika ule mkono wa chaki.

"Nilijua haitafunguka kwenye Linux, mama. Nilijichagulia mimi, sikukuchagulia wewe."