Kuti la Mwisho

Ngwali mchimba visima alizoea kuteremka pima ishirini chini ya ardhi huku akiimba, lakini ngazi ya vipago sita ilimtoa jasho.

Desturi ya mji ilimtaka bwana harusi afunge mwenyewe kuti la mwisho la nyumba yake. Akapanda, akalifunga. Kugeuka ashuke, mashemeji zake wamekwishaondoa ngazi.

"Ruka, shemeji! Hata kuku huruka hapo!"

"Nirudishieni ngazi jamani, nawaomba!"

Bibi harusi akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Ua mzima ukawa unazunguka machoni pake. Kilichotulia ni kisima tu, alichokichimba mwenyewe karibu na ukuta. Humo hajapata kuogopa hata siku moja.

Ngwali akautazama mdomo mweusi wa kisima, akaachia kuti, akajirusha humo huku akiimba.