Kaa wa Serikali

Mgaagaa na upwa siku hizi hula wali mkavu. Kisiwani kwa Bibi Malsun kaa walikuwa wameadimika hadi mwanawe akataka kuuza mashua, ndiyo maana serikali ilipotuma ndoo ya kaa, bibi aliipokea gatini kwa mikono miwili.

Kesho yake bwana samaki, afisa uvuvi wa serikali, alifika na wapiga picha, akafunua ndoo ili awamwage kaa baharini.

Harufu ya mchuzi wa soya na vitunguu saumu ikampiga usoni. Vikaa, kila kimoja kama kucha ya kidole gumba, vilikuwa vimelala kwenye mchuzi huo mweusi, vimenyunyiziwa ufuta.

"Bibi! Hawa walikuwa wa kupandwa baharini, wakue, wazaliane!"

"Si ungesema! Mimi nilidhani serikali imefilisika. Kaa gani hawa, hata jino hawajazi?"

"Ghuba nzima ilikuwa inawategemea! Waombe radhi wenzako."

Bibi aligeuka. Wenzake walikuwa wameshapanga foleni na mabakuli ya wali, mwanawe akiwa wa kwanza.

"Kaa akifika mlangoni kwangu anatiwa soya, mwanangu," alisema, akimkabidhi bwana samaki vijiti vya kulia. "Radhi siombi."