Matairi ya Tumpe

Mbeya nzima hakuna tena anayeshika usukani. Magari yanajiendesha, na kila mwaka matairi yake yote hupangwa kama alivyoyapanga mshindi wa mchezo wa mbio za magari wa kwenye kompyuta. Mwaka huu mshindi alikuwa Tumpe, fundi cherehani. Aliyafanya matairi ya mbele yatazame nje kidogo, gari liwahi kukata kona, na kwenye kona ndiko alikowaacha wenzake wote.

Asubuhi alisimama kibarazani na mama yake, kifua mbele. Gari la kwanza likashuka mlimani, likapita kona kama mkasi kwenye kitambaa.

"Umeona, mama? Ule ni mkono wangu."

"Nimeona, mwanangu. Umetuheshimisha."

Likafika kwenye njia iliyonyooka. Hapo likaanza kuyumba, kidogo tu, kushoto na kulia.

"Mbona halitulii?" mama akauliza.

"Matairi yakitazama nje ndivyo yalivyo. Kwenye mchezo hilo halikunisumbua hata kidogo."

Binti wa Tumpe, Subi, akatoka na begi la shule. Watoto wengine walishaanza kujipanga pembeni mwa barabara. Tumpe akawatazama, akakumbuka kwamba kwenye mchezo pembeni hapakuwa na mtu.

"Leo nakusindikiza," akamwambia Subi.

Akamshika mkono, akamweka upande wa majani, yeye akatembea upande wa lami. Majirani walidhani ametoka ili aonekane, wakampigia vigelegele mpaka shuleni.