Firigisi ya Ngendo

Mkoba wa Ngendo ulikuwa tayari miguuni. Asubuhi mumewe alikuwa amempigia simu akilia, naye Ngendo akamwahidi kurudi nyumbani Witeithie baada ya chakula cha mchana.

Siku hiyo, katika nyumba ya serikali huku Thika inayohifadhi wanawake waliopigwa, kulipikwa kuku. Cucu, yule bibi mzee wa jikoni, akamletea sahani. Juu ya ugali ilikaa firigisi nzima.

Ngendo akashtuka kama aliyeona nyoka. Firigisi ni ya mwenye boma. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta kwa sababu ya firigisi moja tu, aliyoionja akipika.

"Cucu, hii ni ya nani?"

"Ya mwanamume wa hapa."

"Yuko wapi?"

"Hata mimi namtafuta tangu mwaka juzi. Kula haraka, mami, asije akatokea."

Ngendo akacheka bila kutaka. Akaishika kwa mkono mzima, akaitafuna polepole. Cucu akajifanya anapangusa meza iliyokuwa safi.

"Chumvi haikutosha," Ngendo akasema.

"Basi Jumapili ijayo utapika wewe."

Ngendo akausukuma mkoba kwa mguu, mpaka chini kabisa ya benchi.